Wenye Kitanda na Wenye Zizi

Mama mkwe wangu alipofika nyumbani kwa wazazi wangu kwa mara ya kwanza, hakutazama picha ya Bikira Maria ukutani wala vitambaa vya makochi nilivyovishona kwa ajili ya siku hiyo. Alipitiliza hadi nyuma ya nyumba. Akaenda jikoni, akaenda chooni, akaenda hadi mwisho wa migomba, akarudi na uso wa mtu aliyepewa habari ya msiba. Akamwambia mwanawe kwa sauti aliyodhani ni ya chini, "Nyumba nzuri namna hii, halafu nyuma hakuna hata mbuzi! Hawa watu wanaishije?"

Nilicheka, kwa sababu wiki chache kabla baba yangu alikuwa amekwenda kwao, nje kidogo ya Shanwe, na njia nzima ya kurudi alikuwa akitikisa kichwa. "Zizi limejaa mpaka ng'ombe zinapandana, na mzee mwenye mali yote ile analala juu ya ngozi, chini ya nyasi. Bati hana, kitanda hana. Hawa watu wanaishije?"

Swali lilikuwa moja, na pande zote mbili zilikuwa zikihurumiana. Mimi nikawa katikati na cherehani yangu.

Kwetu ni Katumba. Baba aliletwa huko akiwa mtoto, wazazi wake wakikimbia vita Burundi, wakapewa kipande cha msitu, jembe na shoka. Siku hizi sisi ni raia wa Tanzania, lakini jirani akikasirika bado anatuita Warundi, nasi tukikasirika tunaitika. Mali yetu ilikuwa shamba dogo lililolimwa hadi kwenye kingo za njia: maharage chini ya mahindi, muhogo nyuma ya maharage, migomba popote palipobaki. Pesa ya tumbaku ikipatikana inakwenda kwenye tofali za kuchoma, kwenye bati, kwenye ada ya shule. Nimelala kitandani tangu nilipoacha mgongo wa mama.

Mume wangu ni Msukuma ambaye hajawahi kuiona Shinyanga. Babu yake alishuka na ng'ombe kutafuta malisho, akakaa Tabora, akasogea, akasogea tena. Mume wangu alizaliwa porini upande wa kusini, mahali ambapo baadaye waliambiwa ni hifadhi, wakahama na ng'ombe wao na sufuria zao, nyasi za paa wakaziacha hapohapo. Watoto wengi, mashamba makubwa ya mpunga, shule kidogo. Yeye ndiye wa kwanza kwao kumaliza kidato cha nne. Alifungua duka la dawa za mifugo mjini, pale Kashaulili, jirani na kibaraza ninaposhonea, na alianza kuniletea suruali zisizo na kasoro yoyote ili nizirekebishe.

Watu wa mjini walipenda kutulinganisha: wapi kuna nafuu, kwa Warundi au kwa Wasukuma? Nilikuwa najibu kwa hasira kulingana na aliyeuliza. Kumbe jibu lilikuwa mbele ya macho yangu. Sisi tuliweka mali kwenye vitu visivyoweza kuondoka, ili anayetaka kutuondoa aone aibu. Wao waliweka kwenye vitu vyenye miguu, ili wakiondolewa waondoke navyo. Nyumba njema si mlango, na mimi nilikuwa nimeingia ndani ya zote mbili.

Tulifunga ndoa kanisani, na kabla ya kanisa ng'ombe wa mahari waliswagwa kutoka Shanwe hadi Katumba. Barabara nzima watoto walitoka kutazama. Baba aliwauza karibu wote, akasomesha wadogo zangu, lakini alimbakiza jike mmoja mwekundu. Mama akawa anamkatia majani na kulalamika. Hatukuelewa mzee anamtakia nini.

Nikahamia kwa wakwe. Mume alinijengea nyumba ya vyumba viwili ndani ya mji wa baba yake, ndivyo wanavyoliita boma lao, kwa tofali, kwa sababu nilimwambia kwamba kwenye nyasi silali. Nikajifunza kupiga magoti ninapomsalimu baba mkwe, nikajifunza kutokatisha mbele ya wanaume waliokaa. Mdomo tu ndio uliochelewa kujifunza. Mwaka ukapita na tumbo langu bado bapa. Mama mkwe hakusema neno, ila alianza kunipikia dawa za mizizi bila kunieleza ni za nini, na mashemeji wakaanza kunitazama kiunoni. Usiku nilikuwa naogopa. Nasema ukweli, niliogopa sana.

Ilikuwa Jumapili, mwaka wa pili unaelekea kuisha, tumetoka misa. Nilikuwa namenya viazi vitamu nje ya mlango wangu niliposikia watu wakiimba njiani. Wimbo ulikuwa wa Kirundi. Nikasimama na kisu mkononi.

Alikuwa baba yangu, amevaa koti lake la kanisani juani vile. Nyuma yake mama, nyuma ya mama baba mdogo akisukuma baiskeli yenye dumu la pombe ya ndizi. Na mbele ya wote, kwenye kamba mpya ya katani, mtamba mwekundu aliyeng'aa kana kwamba amepakwa mafuta. Baba alikuwa anamsifu yule mtamba kwa sauti, pembe zake, mwendo wake, ukoo wake, maneno ya zamani ambayo sikuwahi kumsikia akiyatamka. Mtu ambaye hadi siku ya mahari yangu alifuga kuku tu!

Nilielewa papo hapo na machozi yakanilenga. Kwetu, ng'ombe wa mahari akizaa jike, yule ndama akikua hupelekwa kwa binti. Bibi alinisimulia nikiwa mdogo. Mzazi asiyefanya hivyo husemwa kwamba alimuuza mwanawe. Nikageuka kuwatazama wakwe zangu nikitabasamu, na tabasamu likanikauka mdomoni.

Mama mkwe alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Baba mkwe alikuwa amesimama kutoka kwenye kigoda chake, na ndugu zake wawili waliokuwa wakinywa naye wamesimama pia. Hakuna aliyeitikia salamu.

"Mkwe," baba akasema, akihema kwa furaha, "ng'ombe mliyotupa ilizaa. Huyu ndiye mtoto wake. Nimemleta. Pokea kamba."

Baba mkwe akaificha mikono yake kwapani. "Sipokei."

"Hupokei?"

"Kama binti yenu kakosewa, mngekuja mikono mitupu, tukae, tuongee. Nyie hamkuongea. Mmekuja na ng'ombe. Tena mnaimba!" Sauti yake ilipasuka. "Mnaimba!"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Miezi michache nyuma, mji wa pili kutoka kwetu, niliona ng'ombe wakiingia kwa njia waliyotokea. Baba wa mke aliwaswaga hadi mlangoni pa zizi, wazee wakahesabu, wakatafuta na wazao wao. Jioni ile mke alitoka na kifurushi cha nguo kichwani na watoto wake wakabaki jikoni wanalia. Kwa Wasukuma, ng'ombe wa mahari akirudi, ndoa imekwisha. Haihitaji barua wala hakimu. Na baba yangu alikuwa amesimama mbele ya mashahidi na mzao wa ng'ombe wa mahari, akimtaka mzee ashike kamba.

Mume wangu alinisogelea. Uso ulikuwa umemshuka. "Wewe ndiye uliyewaita?" aliniuliza. "Ulishindwa kuniambia mwenyewe?"

Ningeweza kumpiga na kiazi. Mwaka mzima nameza mizizi ya mama yake, halafu ananiuliza swali kama hilo! Lakini niliona midomo yake inatetemeka, na hasira yangu ikakosa pa kukaa. Alikuwa anaamini kwamba naondoka.

Nikaangusha kisu, nikaenda katikati ya uwanja. Nilipiga magoti kama mke wa Kisukuma na nikapaza sauti kama binti wa Katumba. Nikawaeleza wote: kwetu huyu si ng'ombe wa kuvunja, ni ng'ombe wa kusema asante, ni ng'ombe wa kusema binti yetu hatukumuuza. Niliongea haraka, nikichanganya lugha, na nilipomaliza mbuzi mmoja akalia na hakuna mtu aliyecheka.

Baba mkwe alinisikiliza hadi mwisho. Si mtu mbaya yule mzee. "Nimekusikia, mwanangu. Lakini padri aliwafunga nyie wawili. Sisi wazee tulifungwa na ng'ombe. Leo watu wakiona mzao wa mahari amerudi mkononi mwangu, kesho tukigombana nitasema nini? Nikishika kamba hii, nimekuacha uende. Siwezi."

Baba yangu naye alikuwa amebadilika. Koti lilionekana kubwa ghafla. "Mimi nilivuka mpaka nikiwa mgongoni kwa mama," akasema. "Ng'ombe za baba tuliziacha zizini zinalia, hazijakamuliwa. Hapa dada zangu wote waliolewa kwa majembe na mablanketi. Tangu nizaliwe nimekuwa mtu wa kuacha vitu. Hii ndiyo mara ya kwanza nimepata kitu cha kupeleka. Ukinikatalia, nitamrudisha kwa nani?"

Nikaona mzee mmoja hawezi kupokea na mwingine hawezi kuondoka naye, na mimi niko katikati kwa magoti, na ndoa yangu iko kwenye kipande cha kamba. Mtamba akakojoa.

Mama mkwe akashusha kiganja kutoka mdomoni. Alikuja polepole, akamzunguka mtamba mara moja, akamshika nundu, akamtazama kwato. Mifugo hata katikati ya msiba huwa anaikagua.

"Kamba isiingie mkononi mwa mwanaume yeyote wa mji huu," akasema. Kisha akanigeukia. "We mwanangu, huna mikono?"

Sikuelewa.

"Simama, shika ng'ombe wako. Mpeleke mlangoni kwako, umfunge huko. Zizini asiingie." Akawageukia wazee. "Ng'ombe hajaja zizini, kaja kwenye nyumba ya mwanamke. Nyie wazee wa mahari, nambieni, mmeshasikia wapi mwanamke akirudishiwa mahari yake mwenyewe?"

Wazee wakatazamana. Mdogo wake baba mkwe akafungua mdomo kupinga, akaufunga, akaanza kucheka hadi akashika tumbo. "Hiyo haipo," akasema. "Kweli kabisa, haipo!"

Nikasimama. Baba aliniwekea kamba mkononi kwa mikono yake yote miwili, na mikono hiyo ilikuwa ya baridi juani vile. Nikamwongoza mtamba kupita mbele ya wanaume waliokaa na waliosimama, nikamfunga kwenye nguzo ya mlango wangu. Alinifuata bila ubishi. Kisha nikakaa chini palepale, na kitenge changu cha kanisani, juu ya samadi. Mume wangu akaja akakaa kando yangu. Aliokota kiazi na kisu akaanza kumenya, na kwao mwanaume kumenya kiazi mbele ya baba yake si jambo dogo.

Dumu la pombe likafunguliwa. Baba mkwe alikunywa akiwa amenuna, bakuli la kwanza na la pili. Kwenye la tatu akamuuliza baba yangu kama kweli Warundi huwaimbia ng'ombe, na baba akamwimbia tena tangu mwanzo. Walipoondoka, alimsindikiza hadi njiani.

Lakini yule mtamba, baba mkwe hakumkubali. Alikuwa akipita mlangoni kwangu anamzunguka kwa mbali, anatazama pembeni, kana kwamba pale pana gogo tu. Wageni wakiuliza, anasema, "Sijui. Waulizeni wanawake." Mtamba akakua, akapandwa, na mimi nikapata mimba karibu wakati uleule, jambo ambalo mashemeji zangu walilitania hadi nikawafukuza na mwiko.

Kule Katumba baba alijenga banda nyuma ya nyumba. Mama mkwe alipokwenda kuwatembelea alipitiliza moja kwa moja nyuma, kama kawaida yake, akarudi amekunjua uso, akalala kwenye kitanda cha wageni, na aliporudi Shanwe akamwambia mumewe kwamba godoro si kitu kibaya.

Mtamba alipozaa nilimwachia ndama maziwa ya mwanzo. Yalipokuwa safi, nilikamua asubuhi moja, nikajaza kibuyu, nikaenda kupiga magoti mbele ya baba mkwe na tumbo langu kubwa. Alikitazama kile kibuyu muda mrefu.

"Ya ng'ombe gani haya?"

"Ya ng'ombe wangu, baba."

Akachukua kibuyu. Akanywa bila kupumzika, akageuza mdomo wa kibuyu chini kunionyesha. Akafuta sharubu.

"Mpigie baba yako," akasema. "Mwambie hakuna kilichorudi."

Nilimpigia palepale, nikiwa bado chini kwa magoti. Nikamwambia maneno yale kama yalivyosemwa.

"Amekunywa yote?" baba akauliza.

"Yote, baba."

"Haya," akasema. "Basi umefika kwako."