Betri za Kijani za Jaku Hamad

Jaku Hamad alichora ramani katika ofisi ya ardhi miaka thelathini na mbili, na alipostaafu mikono yake ikakosa cha kushika. Akaanza useremala, si wa kuuza, wa kujifurahisha tu. Alitengeneza mbuzi za kukunia nazi, vibao vya kukalia, rafu za misahafu, akampa huyu na yule, na kila pembe ilikuwa sawasawa kama ya ramani. Kazi hizo akizifanyia chini, katika stoo ndogo iliyo pembeni mwa ngazi za jengo lao la Michenzani, stoo isiyo na umeme. Juu, ghorofa ya nne, alikaa na mkewe, Bi Mwanamkasi. Binti yao mmoja tu, Faiza, ameolewa Maskati.

Ghorofa ya pili alikuwapo Mabrouk, fundi rangi, mtu wa mzaha na roho nyepesi, na mwenye mkono wa kuazima. Aliazima patasi ya Jaku akafungulia kopo la rangi, ikarudi imemeguka ncha. Aliazima msumeno ukarudi umekutana na msumari. Jaku alipokea kwa tabasamu, akashinda kutwa nzima ananoa. Nanyi mnajua mambo yetu: jirani akikuomba kitu nacho kipo mbele ya macho yake, humwambii hapana. Kesho mtapishana naye vipi kwenye ngazi?

Basi Bi Mwanamkasi miguu ikamshinda. Miaka miwili hakushuka, kwa kuwa jengo halina lifti, ni ngazi tu, na zinapokata kona ni nyembamba. Alizaliwa kijijini Jambiani, na dada yake, Time, yuko huko mpaka leo na kilimo chake cha mwani. Bi Mwanamkasi aliomba jambo moja: Ramadhan ijayo aifunge kwa dada yake, wafuturu sahani moja kama walivyokuwa wadogo. Kifua nacho kilishaanza kumbana, na mwenyewe alihisi kwamba Ramadhan ya baada ya hiyo si yake.

Tatizo lilikuwa kumshusha. Kubebwa na wanaume wakamshika mwili alikataa kabisa.

"Baba Faiza, bora nife hapa kuliko kushikwa makwapa na watu wa ngazini," alimwambia mumewe.

Jaku akachukua karatasi akachora. Kiti cha mfenesi chenye mgongo na ubavu pande zote mbili, pazia mbele, na miti miwili mirefu ya mvinje ya kubebea. Watu wanne wangeshika miti tu, naye akae ndani na stara yake. Alimwonyesha mchoro, na Bi Mwanamkasi akautazama muda mrefu, kisha akauliza pazia litakuwa rangi gani.

Kiti kile kilitaka matundu arubaini na mawili ya bolti. Jaku alikuwa na keke ya kuzungusha kwa mkono, lakini kiganja chake cha kulia kiliwahi kuvunjika na mfenesi mkavu haukumwonea huruma. Umeme chini hapana, na juu asingeweza kutoboa mbao mbele ya mgonjwa wa kifua. Ikabidi anunue drili ya betri.

Sokoni Darajani alikuwapo Ayoub, muuzaji wa vifaa, kijana mwenye subira. Alimkalisha akamweleza kwamba katika vifaa hivi mtu hachagui drili, anachagua betri. Kila kampuni ina betri ya umbo lake, na ukishaingia kwao umeingia. Msumeno, msasa wa mota, tochi, vyote utanunua vya kwao, ama sivyo utaanza upya. Mtu wa kujifurahisha, alisema, hana haja ya mashine nzito ya mafundi wa majengo. Atafute nyepesi inayotulia mkononi, betri mbili ili moja ifanye kazi nyingine ichajiwe, na zaidi ya yote aangalie kama betri hizo zinapatikana mjini siku zote.

Akamwekea aina mbili mezani. Za manjano, ambazo mji mzima unazo. Na za kijani, nyepesi, nzuri mkononi, zilizokuja na mzigo wa mtumba.

"Za kijani zimekuja kontena moja tu, mzee wangu. Betri ikifa, kwangu hupati ya pili. N'nakwambia mapema usije ukanlaumu."

Jaku aliuliza swali moja: betri ya manjano itaingia kwenye drili ya kijani? Ayoub akasema haiingii hata kwa nyundo. Na ya kijani kwenye manjano je? Vivyo hivyo.

Mabrouk alikuwa na za manjano. Jaku alizichukua za kijani.

Mnaona alichokifanya? Alipata udhuru ambao si uongo. Na kweli, wiki haikwisha Mabrouk akaja stooni kuomba betri, yake imemwishia kazini. Jaku akamwonyesha, akaijaribisha mbele yake, ikakataa. Mabrouk akacheka, akamwambia, "Yakhe, weye umejinunulia kisiwa chako peke yako." Kisha akauliza kinatengenezwa nini. Jaku akamjibu kabati. Hakutaka watu wajue kabla kiti hakijakamilika. Alisema moyoni kwamba kikisha, atakwenda kuwaomba wanne wabebe, na kazi yenyewe itamwombea.

Mwezi wa kwanza mambo yalikwenda. Betri zilichajiwa juu, karibu na kitanda, na Bi Mwanamkasi akawa ndiye mlinzi wa taa ya chaja. Ikigeuka kutoka nyekundu humwita mumewe, "Imeiva!" na Jaku huitika "Naam" akapanda kuichukua. Tundu la ishirini lilipita. Pazia likashonwa, la samawati.

Kisha betri moja ikafa. Ilikaa kwenye chaja siku mbili, taa ikawa inapepesa tu. Ya pili ikaanza kuchoka: inatoboa matundu matatu, halafu mawili, halafu inazima katikati ya mti na kuacha ncha ya drili imenasa. Umeme nao ukawa unakatika. Jaku alirudi kwa Ayoub, naye hakumsuta. Aliandika Dubai, akapiga simu Dar es Salaam, kila mahali wakajibu wanazo za manjano. Mkewe alimshauri mbao ampelekee fundi wa karakana amalizie. Jaku akamwambia yamebaki kumi na moja tu. Siku nyingine akamwambia yamebaki tisa.

Kila siku akipanda ngazi na betri mfukoni alipita mlango wa ghorofa ya pili. Mara mbili alisimama. Mara moja aliinua mkono kabisa. Lakini angesema nini? Kwamba nipe drili yako, mimi niliyekuonyesha kuwa betri yangu haikufai? Akashusha mkono akaendelea kupanda.

Kutoka Jambiani Time alituma salamu kwamba chumba kimepakwa chokaa na kitanda kimeshushwa miguu. Bi Mwanamkasi akamjibu kwenye simu kwamba bado matundu sita.

Siku nne kabla ya Ramadhan, asubuhi baada ya sala, kifua kilimbana, na kabla gari halijapatikana akafariki kitandani pake.

Wanawake walimwosha na kumkafini pale pale juu. Mabrouk ndiye aliyepanga wanaume. Aliwasimamisha kila kona ya ngazi, wakapokezana mikono kwa mikono, na yeye mwenyewe akashika upande wa kichwa ghorofa zote nne, anasema pole pole, taratibu, inueni kidogo. Jaku alisimama juu akishika ukuta. Mkewe alishuka kabla yeye hajapata pumzi ya kuwafuata. Alizikwa Jambiani alasiri ile.

Siku ya tatu, baada ya hitma, Mabrouk aliteremka kurudisha mikeka stooni akakikuta kiti. Alikizunguka. Akalifunua pazia akatazama ndani.

"Hili ndilo kabati?"

Jaku akamweleza yote, kiti ni cha nani na kwa nini hakikwisha.

"Matundu mangapi yamebaki?"

"Sita."

Mabrouk alikaa chini juu ya mikeka. "Drili yangu iko juu ya friji, Jaku. Mwezi mzima haina kazi."

"N'lizinunua hizi za kijani ili usiniazime," Jaku alisema.

"N'lijua. Tangu siku ile uliponijaribishia betri. Ndo maana sikukuuliza tena unatengeneza nini. Nkikusikia kila siku, inalia kidogo inakata, inalia inakata. Nkasema muache, si ndivyo anavyotaka."

Hapana aliyemlaumu mwenziwe. Mabrouk alipanga mikeka vizuri, akaomba ruhusa, akapanda kwake.

Mwezi ukaandama kesho yake. Jioni ya kwanza Bi Shadya, mke wa Mabrouk, alipanda hadi ghorofa ya nne na sahani ya tambi na bakuli la uji, akabisha hodi, akabisha tena, akaita "Mzee Jaku". Jaku alikuwa nyuma ya mlango, tende mkononi, adhana imeshatoka. Hakuitika. Angeipokea vipi sahani ya nyumba ambayo yeye alishindwa kubisha mlango wake? Alisubiri mpaka akasikia sahani inawekwa sakafuni na kandambili zinashuka, zinapita ghorofa ya tatu, zinafika ya pili, mlango unafungwa. Ndipo akafungua.