Nilifomati Kompyuta ya Kwaya, Nikasingizia Flashi

Agosti 2012 nilifuta sauti ya mama yangu. Niliifuta mwenyewe, kwa kidole changu hiki, huku napiga mluzi! Kosa ni langu, na uongo uliofuata ni wangu pia.

Mama alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Hapa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi nchini Uganda, alikuwa mwimbaji wa kwaya yetu, na nyimbo alizoongoza zilirekodiwa mara moja tu, zikawekwa kwenye kompyuta ya kanisa. Picha yake sina. Sauti hiyo ndiyo iliyokuwa imebaki.

Siku hizo nilikuwa nimeanza kuitwa kazi. Sikusoma sana, miaka miwili tu ya sekondari, lakini fundi mmoja wa mjini Mbarara alinifundisha kompyuta na mitandao, na wateja wakawa wananipigia simu: leo duka la Kakiika, kesho ofisi huko Kamukuzi. Navuta waya ukutani, nabana vichwa vyake, nachomeka, taa ya kijani inawaka. Jamani, ile taa! Nilikuwa nacheka peke yangu chini ya meza za watu.

Siku hiyo mwenye duka wa Kakiika alinisifu mbele ya wateja wake, kila mmoja akimwita sebo, yaani bwana. "Huyu mtu ya Kongo ni injinia, sebo! Mtandao sasa inakimbia mbaya!" Nilirudi Nakivale nikijiona mrefu kuliko lori.

Mama Neema, kiongozi wa kwaya, akaniona napita.

"Injinia yetu! Mashini ya kwaya inalala tu, inatuchokesha. Uiangalie kidogo, mutoto wangu."

Sisi mafundi wa kuitwa tuna tabia moja: kompyuta ikiwa nzito, fomati, weka Windozi mpya, nenda kwa mteja mwingine. Kule maofisini huwa wana nakala. Kambini nani ana nakala? Sikuuliza! Nilibonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo. Kila kitu kikafutika, nami nikaita kwa majivuno, "Mama Neema, njoo uone! Imekuwa kijana!"

Akaja, akatazama, akatazama tena.

"Nyimbo uliweka fasi gani?"

Ole wangu! Mdomo ukanitangulia: "Ni virusi, mama. Kuna mtu alichomeka flashi mbovu."

Mwenye flashi kwaya nzima alikuwa mmoja, Baba Riziki, mzee wetu wa gitaa. Wakamnyang'anya ufunguo wa chumba cha kompyuta. Akawa anapigia gitaa lake nyuma kabisa, karibu na mlango. Mimi niliendelea na safari zangu za Mbarara, lakini kila taa ya kijani ilipowaka nilimwona yeye pale mlangoni. Kicheko changu kikafa.

Wiki ya tatu nilishindwa kuvumilia. Kwenye mazoezi nikasimama, nikasema yote: hakukuwa na virusi vyovyote, ni mimi, na sauti ya mama haitarudi. Nikalia kama mtoto.

Baba Riziki akaweka gitaa chini. "Kumbe virusi ni weye!"

Kwaya nzima ikaangua kicheko! Nami nikacheka, machozi bado yako mashavuni.

Ninyi wenzangu mnaoitwa kazi za kompyuta, nawasihi: uliza kwanza, nakili kwanza! Na ukiharibu, usitafute mgongo wa mwenzako wa kuubebesha mzigo. Msamaha nilioupata mimi, sikuustahili.

Mama Neema alisubiri kicheko kitulie. "Mama yako alikuimbia ile nyimbo yote tangu uko mutoto. Simama fasi yake, uimbe, turekodi."

"Mama, sauti yangu ni ya mbuzi!"

"Basi tutarekodi mbuzi."

Nikaimba. Kwenye ubeti wa pili sauti ilikatika, akina mama wakashikana mabega kwa kucheka, mmoja akakaa chini kabisa.

"Tena," akasema Baba Riziki. Nikaanza tena.