Mahali Pasipobebwa Mtu

Nilipokuwa mtoto, hakuna mtu wa ukoo wetu aliyembeba mwenzake mgongoni mbele ya nguzo ya mtoni. Nguzo hiyo ya mawe ipo mpaka leo, upande wa Mpitimbi, mahali ambapo walowezi wa kwanza wa Kijerumani waliteremka kutoka kwenye mitumbwi. Wanawake wetu walipoikaribia walifungua kanga, wakawapakata watoto mikononi mpaka waipite. Bibi, mama yake mama yangu, alisema anayebebwa mgongoni pale hashuki tena. Mimi nilielewa kwamba mtoto atalemaa miguu.

Jumapili moja, tukitoka misani, nilikanyaga kigae cha chupa. Mjomba Severini, kijana wa mizaha, akanipandisha mgongoni.

"Shika kofia, mzungu," akasema. "Leo mimi ndiye farasi wako."

Nilicheka. Tulipofika kwenye nguzo hakusimama.

"Mshushe!"

Bibi, ambaye sikuwahi kumwona akichapa hata mbuzi, alimpiga mjomba kofi la uso. Nilianguka, damu ikinitoka, nikingoja aje anitazame mguu. Hakuja. Alimgeuza mjomba akampapasa mgongo kwa kiganja, kuanzia shingoni hadi kiunoni.

"Simama nikuone."

"Nimesimama, mama."

"Wima!"

Jioni, akinifunga mguu, alinieleza. Baba yake alimbeba mzungu kutoka mtumbwini ili asilowe viatu. Wenzake waliokuwa ukingoni walicheka. Lakini walipofika pakavu mzungu hakushuka. Alinyoosha fimbo kuelekea mlimani. Baba alirudi nyumbani mvua zilipokwisha, amepinda. Alipokufa walishindwa kumnyoosha. Walimchimbia kaburi fupi, pana, wakamlaza vilevile alivyopinda.

Mwaka jana nilikwenda na mwanangu kuiona nguzo. Imepakwa chokaa, na kibao chake kinawataja waliofika. Waliowabeba hawamo. Mwanangu akamnyanyua binti yake mabegani ili wapigwe picha.

"Mshushe!"

Ilikuwa sauti yangu. Watu waligeuka, mjukuu akaanza kulia.

"Mama, vipi? Mtoto hana shida."

Mimi siamini mambo hayo, na nyumbani nimelisema hilo mara nyingi. Ila nilijua kwamba si mtoto niliyemhofia. Kiganja changu kilikuwa tayari mgongoni mwa mwanangu, kikishuka polepole, kikitafuta.