Mwaka Tuliomuua Chui

Chui akipita usiku na kuweka alama yake kwenye shina la mti, huacha harufu inayofanana na bisi zilizotoka chunguni sasa hivi. Nilipokuwa mtoto kule Mpepai, harufu hiyo tuliikuta alfajiri kwenye njia ya mtoni, imechanganyika na umande, na mama alitushika mikono. Msitu ulishuka kutoka kwenye miamba hadi ukingoni mwa shamba letu la ngolo, yale mashimo tunayochimba Wamatengo kwenye miteremko ili mvua isiondoke na udongo. Kwenye miamba walilala nyani. Jioni tuliwasikia wakibweka kwa hofu, kwa kuwa chui aliwawinda huko huko walikolala, na kwa sababu yake hawakuthubutu kushuka mashambani. Jambo hilo kila mtu alilijua, lakini hakuna aliyelifikiria.

Kiangazi kimoja chui alichukua mbuzi wetu wawili. Baba alikusanya wanaume wenye mikuki na mbwa, wakamzingira korongoni, wakamuua. Siku hiyo ilikuwa sikukuu. Wanawake walipiga vigelegele, tukala ugali kwa usipa, wale dagaa wakavu wa ziwani waliopandishwa kutoka Mbamba Bay, nami nikapitisha kiganja kwenye manyoya ya mnyama yule, laini kuliko nguo yoyote niliyowahi kuvaa. Baba alituita, mimi na mdogo wangu Imelda, akasema mbele ya watu wote, “Sasa njia ya shule ni salama. Mwezi wa kwanza mnakwenda wote wawili.” Usiku ule sikulala kwa furaha.

Mvua zikaanza, tukapanda mahindi. Nyani wakashuka. Mwanzoni walikaa ukingoni mwa msitu wakigeuka nyuma kila mara, wakimsubiri yule ambaye hakutokea. Kisha wakaacha kugeuka. Walifukua mbegu shimo kwa shimo, kwa utulivu, kama watu waliokodiwa kibarua. Na walichosaza wao, nguruwe pori walikimaliza gizani, kwa maana nao hawakuwa tena na wa kuwapunguza. Tulipanda upya, wakafukua upya. Mama alisimama katikati ya shamba, jembe begani, akasema, “Yule alikula mbuzi wawili, Baba Otilia. Hawa wanakula mwaka mzima.” Mwezi wa kwanza ulipofika baba alituita tena, safari hii bila watu. “Imelda sauti yake haifiki hata mtoni,” alisema. “Otilia atalinda shamba. Mwakani naye atakwenda.”

“Mwakani kweli, baba?”

“Nimesema.”

Nikapanda kwenye dungu, kile kichanja cha kulindia kilichoinuliwa juu ya nguzo, nikiwa na kopo la kugonga na rundo la mawe. Nyani humkimbia mwanamume, lakini msichana humtazama tu. Kwa hiyo baba alinivika koti lake, suruali yake na kofia yake. Jirani yetu Mama Kosmas, kila akipita na kuni zake, alisimama chini na kupaza sauti: “Shikamoo, baba mdogo! Leo umenyoa ndevu?”

“Marahaba, mwanangu!” nilimjibu. “Pita upesi, nyani wasije wakakuposa!”

Alicheka hadi kuni zikamwanguka. Nyani hawakudanganyika kwa muda mrefu. Dume kubwa liliketi hatua chache kutoka kwangu, likamenya hindi bichi na kulitafuna huku likinitazama usoni. Jioni Imelda alirudi na vumbi la chaki vidoleni, akaimba herufi zake kando ya moto, nami sikuweza kuimba naye kwa kuwa sauti ilikuwa imenikauka kwa kuwapigia nyani kelele mchana kutwa. Mwaka uliofuata nyani walikuja wengi zaidi, wamebeba watoto migongoni. “Mwakani,” alisema baba. Akasema hivyo tena. Kisha nikawa mrefu kuliko madawati ya darasa la kwanza, naye akaacha kusema.

Leo msitu ule umekatwa hadi kwenye miamba, kwa mkaa na kwa mashamba. Nguruwe pori walimalizwa kwa mitego. Nyani waliondoka, wala sijui walikwenda wapi. Asubuhi hakuna kinachobweka. Watoto wote wa hapa wanasoma, wasichana kwa wavulana, na watu huniambia hayo ndiyo maendeleo. Sikatai. Wewe mjukuu wangu unayeniandikia maneno haya nilikupeleka shule hata siku uliyolia, na ningekupeleka tena. Ila usiandike kwamba sisi wazee tulipata hekima, tukawateremsha watoto kutoka kwenye madungu. Andika kwamba hakuna mtoto anayelinda shamba tena kwa sababu huko juu miambani hakuna aliyebaki wa kufukuzwa.