Mrushaji Aliyehukumiwa Kabla ya Baridi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ubao, karatasi na kalamu, nikasimamishwa kando ya uwanja. Nilikuwa nimetoka kwenye kazi za nyumbani mtaa wa Al Warqa, hapa Dubai, nikasikia klabu ya mpira wa Kimarekani inatafuta mtu wa kufua jezi. Kumbe siku ile mwandishi wao amezidiwa na joto, amelazwa kivulini anamwagiwa maji. Mkuu wa Takwimu, mama wa Kihindi tuliyemwita Madam, akaniuliza kama najua kuhesabu. Nikamwambia nimelea watoto sita, na kila jioni nikiwahesabu kabla ya kufunga mlango. Akacheka, akanipa kalamu. Jezi zilifuliwa na mwingine mpaka nilipostaafu.

Mpira wenyewe una umbo la yai. Kuna mtu wanamwita kwotabeki, sisi tukimwita mrushaji. Ndiye anayepewa mpira kila mchezo unapoanza, aamue amrushie nani. Anayekimbia mbele kuupokea ni mdakaji. Kazi yangu ilikuwa kutia alama kila mpira uliorushwa: uliodakwa, uliokwenda kombo, uliodakwa na adui, uliotupwa nje makusudi ili mrushaji asiangushwe nao. Halafu kuna ule wa ugomvi: mpira uliofika sawasawa mikononi mwa mdakaji ukamponyoka. Huo si kosa la mrushaji. Mwenye jicho bovu huuandika kombo, mtu akala lawama isiyo yake.

Nilianza na timu ya watoto, nikapandishwa kwa vijana, mwisho timu kubwa. Shule niliiacha ningali sijaota meno yote, lakini karatasi yangu haikurudishwa hata moja. Najisifu? Najisifu, na wajukuu wangu wananisifia pia.

Nyinyi mnaofanya kazi hii sasa kwa simu, shikeni jambo moja. Dubai msimu huanza kabla joto halijaondoka. Jioni hewa inakuwa nzito, mtu mkavu analowa kama ametoka kuoga, na mpira unateleza kama sabuni. Mrushaji yeyote wakati huo anaonekana hafai kitu. Baridi ikiingia, mtu yuleyule anaonekana mfalme. Kwa hiyo Madam alikuwa na desturi yake: karatasi za kabla ya baridi zilipigwa mstari mwekundu pembeni, na hazikuchanganywa na nyingine.

Basi mwaka mmoja akaja Wekesa, kijana wa Nakuru, Mkenya kama mimi, ila mimi ni wa pwani. Kwao alicheza raga. Huku alikuwa mlinzi wa lango la maghala kule Freezone, na mkono wake ulikuwa na nguvu. Klabu ikamwahidi kwamba akithibitishwa kuwa mrushaji wa kwanza, watamdhamini viza na kumpa kazi ya kufundisha watoto. Angevua sare ya ulinzi. Kijana alikuwa hazungumzi jingine.

Mechi zake za mwanzo zilikuwa mbaya. Mipira kombo, mipira ya kuponyoka, na mmoja alimpa adui kama zawadi ya Idi. Kocha Mkuu, Mmarekani mwenye shingo kama nguzo, akaja mezani kwetu.

"Yalla, Madam. Huyu anafaa au hafai?"

"Sijui, Kocha."

"Nakulipa ujue."

"Unanilipa nikwambie ninachojua. Mipira yenyewe michache, na yote ya jasho. Nipe mpaka baridi iingie."

"Mwenye klabu hangoji baridi," Kocha akasema. "Mechi moja zaidi, basi."

Ile mechi moja ikachezwa. Ilipokwisha, kabla sijapeleka karatasi, Wekesa akanifuata na chai ya karaki mkononi.

"Mama, ile pasi ya mwisho ilimponyoka yule jamaa. Si uliona?"

"Ilipita juu ya kichwa chake."

"Weka tu imemponyoka. Si wewe ni wa kwetu?"

"Wa kwenu kabisa. Na ilipita juu ya kichwa."

Akaiweka chai chini, akaenda zake. Ilikuwa imepita, tena kwa mbali. Nikaiandika hivyo. Kule mtaa wa Karama, nilikopanga kitanda, habari ilifika kabla yangu. Wanawake wa chumbani wakasema bibi wa pwani amemchongea kijana wa bara, na salamu zikakatwa. Nikala chakula changu, nikalala.

Kocha akamwacha Wekesa. Aliyechukua nafasi yake alianza siku ambayo baridi imeingia, mpira mkavu, kila anachorusha kinadakwa. Kocha akatembea kifua mbele. Msimu ulipoelekea mwisho, huyo naye akashuka, akawa mrushaji wa kawaida kama wengine. Madam akazitazama karatasi, zenye mstari na zisizo na mstari, akasema khalas, yamekwisha, akazifunga. Hakuna aliyemwita Wekesa.

Mimi niliacha kazi kwa sababu ya macho. Nilipoanza kuona mipira miwili mahali palipo na mmoja, nikarudisha kalamu mwenyewe. Waliniandalia keki. Ilikuwa tamu kupita kiasi.

Juzi mkwe wangu alinipeleka Freezone kupakia mizigo ya kutuma nyumbani. Langoni akatusimamisha mlinzi mwenye mvi mbili tatu kidevuni. Akainama dirishani.

"Shikamoo, Mama wa karatasi."

"Marahaba, Wekesa."

Akaangalia vibali vya mkwe wangu, akavirudisha. Hakuondoka.

"Mama, nikuulize. Mimi nilikuwa naweza?"

"Sijui, mwanangu."

"Si useme tu sikuweza, nipumzike."

"Ningejua ningekwambia. Hukurusha ya kutosha."

Akasimama wima, akatazama juu. Ilikuwa asubuhi ya baridi, hewa kavu kabisa. Akafungua kiganja, akakifunga.

"Leo ningerusha," akasema, kisha akatuinulia kizuizi tukapita.