Siku Baba Aliponimenyea Kamba

Mimi niliyeanza na baiskeli moja, leo nina malori matatu, hakuna la kunishangaza. Lakini juzi, mke wangu akiwa amerudi kwao Mtunda kwa hasira, nilimpapasa mwanangu kichwani tu, akauliza, "Baba, nimekosa nini?"

Nikakumbuka mchana mmoja wa utotoni, kwetu Salale. Baba alikuwa amemfuata mama kwao kwa mtumbwi, wamerudi wanacheka. Nyumba ilinukia nazi. Baba, aliyezoea kunifokea, akanimenyea kamba, akawapuliza wapoe. Nikaacha kula.

"Mnanipeleka jando?"

"Kula, bwana mdogo. Mama yako kanisamehe."

Sikumwamini. Nikajificha mikokoni mpaka maji yakajaa.

Sasa naelewa: ilikuwa furaha tu ya kusamehewa. Nikaenda Mtunda. Doti ya khanga na bodaboda, kwenda peke yangu na kurudi wawili: shilingi elfu thelathini na moja na mia tano.