Mwalimu wake nilikuwa mimi

Leo nimeona wivu hadi mlangoni pa kanisa, Mungu anisamehe.

Tumetoka ibada hapa mtaani Baba Dogo, mimi na Mwalimu Wanjiru. Miaka ya themanini tulifundisha nasari katika ukumbi mmoja, pazia la magunia katikati.

Upande wangu kimya, ubao, a-e-i-o-u.

Upande wake kalongolongo! Watoto wanapika mchanga kwenye mikebe, wanahesabu vifuniko vya soda, wanacheka. Nilikuwa nawaambia wazazi kwamba kwake hakuna masomo.

Sasa leo jamaa mmoja mwenye ndevu akaja mbio. "Mwalimu!"

Nikamtambua. Otieno! Wa darasa langu! Yule niliyekuwa namvuta sikio kila akichungulia pazia.

Nikafungua mikono.

Akanipita, akamkumbatia Wanjiru. "Mwalimu, wewe ndiye ulinifundisha kuhesabu."

Kwa kuchungulia, jamani!

Halafu akanigeukia, akanipa simu. "Mama, tafadhali tupige picha."

Mama! Si hata mwalimu.

Hebu niambieni, nyinyi mngefanyaje?

Mimi nimewapiga hiyo picha, tena kwa tabasamu. Kichwa cha Wanjiru nimekiacha nje.